Unataka kufuga mbwa? Hapa ndipo pa kumpata bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Jumamosi mtoto wa mbwa anaingia nyumbani akiwa kwenye boksi. Watoto wamemzunguka, jina limeshapatikana, picha ziko status. Jumatano hagusi chakula. Alhamisi anatapika na kuharisha damu. Jumamosi inayofuata baba anachimba shimo nyuma ya nyumba, na simu ya muuzaji haipatikani.

Mambo haya yanatokea sana Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza, Mombasa na kwingineko. Mara nyingi familia hujilaumu: labda maziwa, labda baridi, labda jirani ana jicho baya. Ukweli ni kwamba katika kesi nyingi za namna hii mbwa aliuzwa akiwa tayari anaumwa, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuona kwa macho.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka mbwa si "aina gani?" wala "bei gani?" Swali la kwanza ni "anatoka wapi?"

Kwa ufupi

- Mahali pazuri pa kumpata mbwa ni pale unapoweza kumwona mama yake, au pale ambapo kuna rekodi za daktari wa mifugo unazoweza kuzithibitisha.
- Mtoto wa mbwa asitoke kwa mama kabla ya wiki 8.
- Usinunue mbwa barabarani, na usitume hela kwa mbwa uliyemwona kwenye picha tu.
- Mbwa mkubwa aliyeokolewa mara nyingi ni chaguo salama kuliko mtoto wa mbwa asiyejulikana kwao.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa si ya hiari. Inalinda mbwa, na inalinda watoto wa nyumbani.

Kwa nini mahali ni muhimu kuliko bei

Ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa wasiochanjwa unaitwa parvo. Ni virusi vinavyoshambulia utumbo. Mbwa akishavipata, kwa kawaida dalili huanza baada ya siku 3 hadi 7, na wakati mwingine hufika hata siku 14.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto wa mbwa anaweza kuwa amepata virusi jana, leo anacheza, anatikisa mkia na kula vizuri. Mnunuzi anamwona mzima. Hata muuzaji naye anaweza kuamini ni mzima. Ugonjwa unajitokeza akiwa kwa mwenye nyumba mpya.

Sasa fikiria boksi lenye watoto wa mbwa 6 waliotoka nyumba tatu tofauti, wamewekwa pamoja, wanashikwashikwa na kila anayepita. Akiwa na parvo mmoja, wote wako hatarini. Kwa hiyo mbwa mzuri ukamchukua kwenye boksi baya, umechukua na boksi lenyewe.

Njia ya 1: Kituo cha wanyama waliookolewa

Afrika Mashariki ina vituo vinavyopokea mbwa waliotelekezwa, waliogongwa au waliozaliwa mitaani, vinawatibu na kuwatafutia familia.

Kenya, shirika kongwe la aina hii ni KSPCA, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910 na makao yake yako Nairobi. Uganda kuna USPCA jijini Kampala. Tanzania kuna Mbwa wa Africa mkoani Arusha, na Zanzibar kuna ZAASO. Kabla ya kufunga safari, wasiliana nao kwanza kupitia kurasa zao rasmi ili kujua kama wana mbwa anayefaa na utaratibu wao wa sasa ukoje.

Utaratibu wa vituo unafanana: anayetaka mbwa anajaza fomu, anaulizwa maswali, na mara nyingine mtu anakuja kuangalia nyumbani. Kuna mchango wa kulipa. Kwa kawaida mbwa anatoka akiwa ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na amehasiwa au kufungwa kizazi, au kuna makubaliano ya kufanya hivyo akifikisha umri.

Wengine hukasirika kwa maswali hayo. "Nakuja kuwasaidia kupunguza mbwa, mnaniuliza kama nina uzio?" Lakini maswali yana sababu. Mbwa aliyewahi kutupwa mara moja akienda kwenye nyumba isiyo na geti, atarudi barabarani ndani ya wiki. Kituo kinachouliza maswali mengi ndicho kinachojali. Kituo kinachomtoa mbwa kwa yeyote aliyesimama getini ndicho cha kutilia shaka.

Faida kubwa ya kituo ni kwamba wanamjua mbwa. Watasema huyu anaogopa wanaume, huyu anapenda watoto, huyu hapatani na paka. Kwa mtoto wa mbwa hakuna anayeweza kusema hivyo kwa uhakika.

Waulize mambo haya:

- Alifika lini kituoni na katika hali gani?
- Amechanjwa nini, na tarehe zipi?
- Amewahi kumng'ata mtu?
- Amepimwa magonjwa ya kupe?
- Kama akishindikana nyumbani, mnampokea tena?

Jibu la swali la mwisho linapaswa kuwa "ndiyo".

Njia ya 2: Mbwa wa jirani au ndugu aliyezaa

Hii ndiyo njia ya siku zote na bado ni nzuri, tena mara nyingi ni bure. Mnunuzi anamjua mama, anajua anavyobweka, anajua kama ni mkali kwa watoto. Kama mama ni mtulivu na ana afya, huo ni mwanzo mzuri.

Tatizo ni haraka. Watu wengi hugawa watoto wa mbwa wakiwa na wiki 4 au 5, kwa sababu wameanza kusumbua na kula sana. Hapo ni mapema mno. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa anajifunza kuishi: mama na ndugu zake wanamfundisha asing'ate kwa nguvu, na watu wanaomzunguka wanamfundisha kutowaogopa binadamu. Akitolewa mapema, masomo hayo yanakatika.

Suluhisho ni rahisi. Mchague mapema, mwache kwa mama hadi wiki 8, lakini changia. Peleka chakula cha mama. Lipia dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza. Jirani hatakataa, na gharama hiyo ungekutana nayo tu baadaye.

Kwa wanaotaka mbwa wa ulinzi, mbwa wa kienyeji asidharauliwe. Amezoea joto letu, sauti yake ni kengele tosha, na wezi wengi huondoka kwa sababu ya kelele kabla hawajaona aina ya mbwa. Ila asiachwe bila chanjo kwa imani kwamba "hawa wagumu, hawaumwi". Parvo haiulizi kabila la mbwa.

Njia ya 3: Mzalishaji anayejulikana

Kama lazima awe German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, basi mtafute mzalishaji, usimtafute dalali.

Mzalishaji ana mama wa watoto hao nyumbani kwake. Dalali hana mama, ana simu tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Mzalishaji mzuri utamjua kwa mambo haya:

- Anakukaribisha kwake uone wanapoishi. Hataki mkutane stendi au kituo cha mafuta.
- Mama yupo, ananyonyesha au ameacha karibuni, na anaonekana ametunzwa.
- Hamzalishi jike kila anapoingia joto. Mimba ya mbwa ni siku kama 63, kisha kuna wiki za kunyonyesha. Jike anayezaa mfululizo bila kupumzika anachoka, na watoto wake wanachoka.
- Anakuuliza maswali na wewe: unaishi wapi, nani atakuwepo mchana, umewahi kufuga?
- Ana jina la daktari wa mifugo unayeweza kumpigia.
- Hana watoto wa aina 7 tofauti kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya, East Africa Kennel Club ndiyo inayosajili mbwa wa asili safi. Kama muuzaji anadai bei ya juu kwa sababu ya "makaratasi", omba uyaone na thibitisha kwa waliotoa. Makaratasi yanaonyesha ukoo tu. Afya ni jambo jingine. German Shepherd mwenye ukoo mzuri bado anaweza kurithi matatizo ya nyonga, kwa hiyo angalia wazazi wanavyotembea.

Na jambo moja la hali ya hewa. Mbwa wenye pua fupi kama Pug na Bulldog hupata shida kupumua kwenye joto. Husky ana manyoya ya nchi za baridi. Kuwafuga Tanga, Mombasa au Dar kunawezekana, lakini kunahitaji kivuli, maji na mara nyingi feni au AC. Asiye na uwezo huo amwache.

Njia ya 4: Muulize daktari wa mifugo kwanza

Hii ni njia ambayo watu wengi hawaifikirii. Daktari wa mifugo wa eneo lako anajua mbwa gani amezaa, nani anachanja na nani hachanji, na nani anahama nchi na anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake.

Mbwa wa mtu anayehama ni bahati. Mara nyingi ni mkubwa, amechanjwa, amefundishwa, na mwenyewe anataka aende mahali pazuri kuliko anavyotaka hela.

Hospitali za mafunzo za vyuo nazo ni sehemu nzuri ya kuuliza na kupata huduma: SUA mjini Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Mahali pa kukimbia

*Barabarani.* Kijana amesimama kwenye foleni ya magari, ameshika mtoto wa mbwa mkononi, mwingine yuko kwenye begi. Jua kali, maji hakuna. Huruma inasema mnunue umwokoe. Lakini hela hiyo ndiyo inayomfanya kesho arudi na wengine wawili. Mara nyingi watoto hao wametolewa kwa mama mapema mno na wamechanganywa kutoka sehemu tofauti. Anayewahurumia kweli atoe taarifa kwa shirika la kutetea wanyama au ofisi ya mifugo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kumtesa mnyama ni kosa la jinai.

*Mtandaoni bila kuonana.* Hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Picha ni nzuri kupita kiasi, bei ni poa kupita kiasi, na muuzaji yuko mkoa mwingine. Anaomba hela ya kumshikia mbwa. Ikishatumwa, inakuja nauli ya mbwa. Ikishatumwa, inakuja hela ya kreti, kisha ya kibali, kisha mbwa "ameumwa njiani, tuma ya dawa". Mbwa mwenyewe hayupo.

Njia za kujilinda ni rahisi:

- Weka picha ile kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye kurasa za nchi nyingine, imeibwa.
- Omba video call, siyo video iliyorekodiwa. Mwambie amwonyeshe mbwa akiwa na mama yake.
- Kama uko mbali, mtume mtu unayemwamini aende aone.
- Hela itoke mkononi mbwa akiwa mbele yako.

Muuzaji wa kweli hatakasirika. Anayesema "wateja ni wengi, lipia sasa hivi au naachia mwingine" mwache aachie huyo mwingine.

*Kumwokota mwenyewe mtaani.* Ni jambo la huruma, lakini lina hatari yake. Mbwa aliyepata virusi vya kichaa anaweza kukaa wiki, hata miezi, kabla ya kuonyesha dalili. Anayetaka kumchukua mbwa wa mtaani ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajaingia nyumbani, achanjwe, na kwa muda awekwe mbali na watoto na wanyama wengine. Majike na madume wakubwa wa mtaani wachunguzwe pia uvimbe wa sehemu za siri, ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Unatibika.

Jinsi ya kusoma kadi ya chanjo

Wauzaji wengi sasa wanajua wateja wanauliza kadi. Kwa hiyo kuwa na kadi pekee haitoshi, lazima isomwe.

Kadi sahihi ina tarehe, jina la chanjo, stika ya kichupa cha chanjo yenye namba, na mhuri au saini ya daktari. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu "amechanjwa" haina maana.

Kisha linganisha tarehe na umri:

- Chanjo ya mchanganyiko, yenye parvo na distempa, huanza wiki ya 6 hadi 8. Hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mbwa afikishe angalau wiki 16.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, na hurudiwa baada ya mwaka mmoja. Baada ya hapo fuata ratiba ya daktari.

Kwa hiyo muuzaji akisema mtoto ana wiki 7 na "amemaliza chanjo zote", anadanganya au hajui. Katika umri huo hakuna aliyemaliza.

Kwa nini zirudiwe? Kwa sababu maziwa ya mama yanampa mtoto kinga ya muda, na kinga hiyo hiyo inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Hakuna ajuaye siku hasa ambayo kinga ya mama inaisha kwa kila mtoto, ndiyo maana daktari anarudia hadi wiki ya 16. Anayeishia sindano moja ameacha mlango wazi.

Hatua ya mwisho: mpigie daktari aliyegonga mhuri. Dakika mbili tu. Madaktari wa mifugo husajiliwa, Tanzania na Baraza la Veterinari na Kenya na Kenya Veterinary Board, kwa hiyo daktari wa kweli si wa kuficha jina.

Mkague mwenyewe: dakika tano

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwangalie kwanza akiwa na wenzake, usikimbilie kumbeba.

- Anavyocheza. Anayejitenga na kulala wakati wengine wanacheza, muulizie vizuri.
- Macho na pua. Visiwe na usaha wala makamasi mazito.
- Fizi. Ziwe za pinki. Fizi nyeupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi kutokana na minyoo, viroboto au kupe.
- Tumbo. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinaonekana, mara nyingi hiyo ni minyoo.
- Nyuma. Chini ya mkia pawe pakavu na pasafi. Uchafu wa kuharisha ni sababu ya kuondoka.
- Ngozi. Fungua manyoya masikioni na kwapani. Kupe wachache si mwisho wa dunia, ila ngozi yenye magamba na manyoya kunyonyoka inahitaji daktari.
- Meno. Meno ya utoto huanza kutoka akiwa na wiki 3 hivi, na kufikia wiki 8 mdomo umejaa meno madogo makali kama sindano. Asiye na meno ya kutosha hana wiki 8, hata muuzaji aape.

Angalia na sakafu. Kama kuna kinyesi chenye damu au matapishi popote kwenye banda, usichukue yeyote kati ya hao, hata yule anayeruka.

Siku 14 za kwanza

Mbwa akishafika, ndani ya siku mbili aende kwa daktari. Asipelekwe kwenye nyumba zenye mbwa wengine, na asishushwe chini mitaani mpaka chanjo zikamilike. Kubebwa na kuonyeshwa watu, magari na sauti za mtaa ni sawa, tena kunamjenga.

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, watenganishwe kwa wiki mbili. Vyombo vyao visichanganywe.

Akiacha kula, akitapika au akiharisha, usisubiri kesho. Parvo inaua kwa kukausha maji mwilini, na kadiri dripu inavyoanza mapema ndivyo nafasi yake inavyokuwa kubwa. Dawa za kuharisha za binadamu zilizobaki kabatini siyo tiba.

Akifa, usikubali "mbwa wa kubadilishiwa"

Hili ni la muhimu na halisemwi sana. Muuzaji muungwana anaweza kusema, "Pole, njoo nikupe mwingine." Inaonekana ni haki. Lakini kama wa kwanza alikufa kwa parvo, kuna hatari mbili: huyo mwingine ametoka kwenye banda lile lile, na anakuja kwenye uwanja ambao sasa una virusi.

Virusi vya parvo vinaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka, hasa penye kivuli. Sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji inaweza kusafishwa kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kuondoa uchafu wote, na kuachwa kwa dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Vyombo vya plastiki, matambara na boksi alilolalia vichomwe au vitupwe.

Familia inayotaka mbwa tena baada ya hapo ichukue mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo, badala ya mtoto. Na daktari aulizwe kwanza.

Kichaa cha mbwa: Pemba inatufundisha nini

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu maambukizi yote kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Watoto ni miongoni mwa wanaoathirika sana.

Kisiwa cha Pemba kinaonyesha jinsi mbwa wachache wanavyoweza kubadilisha mambo. Kampeni za kuchanja mbwa zilikimaliza kichaa kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kuwa vilikuwa vimeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi mbwa wachanjwe tena kwa wingi, na kufikia 2018 kikawa kimemalizwa tena.

Somo lake ni hili: kumhamisha mbwa asiyechanjwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, au kutoka bara kwenda visiwani, si jambo la kati ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Kabla ya kusafirisha mbwa umbali mrefu, uliza ofisi ya mifugo kuhusu kibali na cheti cha chanjo.

Na kila nyumba yenye mbwa ikumbuke: mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Sio majivu, sio mafuta ya taa, sio kusubiri kuona.

Kabla ya yote: je, nyumba iko tayari?

Mbwa anaishi miaka 10 hadi 13, wakubwa wa mwili huwa pungufu kidogo. Mtoto aliye darasa la pili leo atamaliza sekondari mbwa akiwa bado yupo. Kwa hiyo:

- Kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba amekubali? Mbwa wengi hutelekezwa wakati wa kuhama.
- Majirani na watu wa nyumbani wanasemaje? Kuna wasiopenda kuguswa na mbwa kwa sababu za imani. Uzio mzuri na banda lililo mbali na njia huondoa ugomvi.
- Nani atampa maji mchana?
- Bajeti ya mwezi inabeba chakula, na ya mwaka inabeba chanjo, dawa za minyoo na kupe?

Jibu likiwa "hapana" kwa mawili kati ya haya, kusubiri ni uamuzi wa kiungwana.

Maswali yanayoulizwa sana

*Dume au jike?*
Wote hulinda. Jike huingia joto mara mbili hivi kwa mwaka na kuvuta madume wa mtaa mzima. Dume asiyehasiwa hutoroka kufuata majike. Upasuaji wa uzazi unatatua yote mawili, na unapunguza watoto wa mbwa wanaoishia barabarani.

*Mbwa wa bure ana kasoro?*
Hapana. Wa bure mwenye mama anayejulikana ni bora kuliko wa bei kali asiyejulikana kwao. Hela iliyookolewa iende kwenye chanjo.

*Mbwa mkubwa atanizoea?*
Ndiyo. Mpe muda. Siku za kwanza anaweza kujificha na kutokula vizuri. Ratiba ile ile ya chakula na sauti ya upole humtuliza ndani ya wiki chache.

*Muuzaji anasema mama alikufa, nifanyeje?*
Inawezekana ni kweli. Lakini basi awepo daktari anayejua habari hiyo, na watoto wawe na rekodi zao. Hakuna mama, hakuna daktari, hakuna rekodi? Rudi nyumbani mikono mitupu.

Kurudi bila mbwa kunauma, hasa kama watoto wanasubiri getini. Lakini kesho jirani mwingine atazalisha, na kituo kitapokea mwingine anayehitaji nyumba. Afadhali boksi tupu Jumamosi hii kuliko shimo nyuma ya nyumba Jumamosi ijayo.